Nyumba Namba Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mume wangu,

Nimefika salama. Watoto wasikudanganye kwamba nililia pale stendi. Nilikuwa na mafua. Shangazi yako amenipokea kwa mikono miwili, amenipa kitanda cha marehemu mumewe, na kila akipita karibu yangu ananiuliza kama wewe bado unakula ukiwa umesimama. Nimemwambia ndiyo. Amesema alipambana na tabia hiyo tangu ukiwa na miaka sita, sasa mzigo ni wangu.

Haya, sikiliza. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kuzunguka na dalali, na tayari nimechemka. Nilimwambia shida yangu wazi kabisa: vyumba viwili vya kulala na kimoja cha kazi. Cha kazi kiwe na dirisha kubwa, kisiingie vumbi, na kisitetemeke magari yakipita, maana mimi natengeneza saa, na ndani ya saa kuna skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Akaitikia kila neno. Kisha akanipeleka kwenye chumba kilicho ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga unga! Nikatoa ile glasi yangu, nikaijaza maji, nikaiweka sakafuni. Maji yalicheza kama yana mapepo. Dalali akasema, “Mama, utazoea.” Nitazoea mimi, springi nazo zitazoea?

Nyumba ya pili ilikuwa nzuri. Mwenye nyumba ndiye hakuwa mzuri. Mzee mzima, anachokonoa meno huku anaongea. Akaniuliza, “Huyo fundi saa ni mumeo?” Nikamwambia, “Ni mimi. Mume wangu ni fundi mitambo, anakuja kuwa msimamizi kwenye kiwanda cha saruji.” Akasema, “Basi aje yeye tuongee.” Nikamuuliza tutaongea nini ambacho mimi siwezi kukisikia. Akamgeukia dalali: “Mwambie mama huyu, mimi sipangishi mwanamke asiye na mtu.” Mwambie! Na mimi nimesimama hatua mbili kutoka puani kwake. Saa yake ya mkononi ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini. Sikumwambia. Achelewe.

Nilipokuwa narudi kwa miguu nilikukumbuka wewe, nikapoa. Shoga zangu hawakuamini nilipowaeleza ulivyosema siku ile mezani, “Nenda wewe kwanza ukauone mji, utakapochagua wewe ndipo tutakapokaa.” Wanaume wangapi husema hivyo?

Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, ni mtu anayeaminika. Nawe nipatie majibu kupitia kwake. Mwambie binti yetu mkubwa azungushe ufunguo wa saa ya ukutani kila Jumapili, asilazimishe.

Mkeo,
Mama Tiki

*

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mama Tiki,

Barua yako tumeisoma wote watatu, watoto wamecheka habari ya mapepo. Hatujambo. Saa ya ukutani imezungushwa, na ile ya jirani uliyoiacha mezani nimemrudishia.

Pole kwa usumbufu wa huyo mzee. Watu wa namna hiyo wapo kila mji. Ila mke wangu, usijichoshe sana. Mji ni mkubwa na miguu ni miwili. Ukiona umezunguka na hupati, si aibu, tutajua la kufanya. Halafu, kabla hujamaliza, hebu pita upande wa kiwandani. Nasikia kuna nyumba za wafanyakazi, maji ya bomba yamo ndani na umeme haukatiki. Nakwambia tu kwa sababu nimesikia.

Shangazi mwambie siku hizi nakula nimekaa.

Mumeo

*

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mume wangu,

Nimepata vyumba! Kaa chini ndipo usome.

Lakini kwanza nikujibu habari ya kiwandani. Upande ule sitaki hata kuusikia. Niliuona kwenye dirisha la basi siku ninaingia mjini: mabati meupe, majani ya miti meupe, na mbwa mmoja ambaye sina hakika rangi yake halisi ni ipi. Fundi saa kukaa pale ni sawa na mpishi kukaa jalalani. Basi, hilo tumelimaliza.

Wiki nzima nimetembea mpaka kisigino cha kiatu cha kushoto kimeng’oka. Nimeona chumba kisicho na dirisha, mwenyewe akaniambia nitoboe. Nimeona nyumba ambayo choo chake kinafunguliwa kwa ufunguo unaokaa kwa mpangaji mwingine, naye hurudi jioni. Nimeambiwa watoto wawili ni wengi. Nimeambiwa watoto wawili ni wachache, kwa hiyo nitazaa tena, kwa hiyo hapana. Mwingine aliniuliza kama saa zangu zitapiga kelele. Nikamwambia, “Zinapiga tiki, baba, si ngoma.” Dalali naye ameanza kunikimbia, jana nilimwona kwa mbali akavuka barabara.

Jana hiyo hiyo nikaachana naye, nikaingia dukani kununua karatasi za barua. Muuzaji ni mwalimu mstaafu, mama wa hesabu, miwani imening’inia kifuani. Aliponisikia nikiulizia vyumba akanipandisha ghorofani, juu ya duka lake. Mume wangu! Dirisha ni pana kama mlango, mwanga unaingia tangu asubuhi mpaka alasiri na jua halichomi meza. Barabara ya chini ni ya watembea kwa miguu. Nikaweka glasi, maji yakatulia tuli. Mwalimu akanitazama nilivyoinama, akauliza, “Unaswali?” Nikamweleza. Akavua saa yake, imekufa miaka mitatu, akanipa. Nimekaa nayo kwa Shangazi saa moja na nusu. Ilikuwa uchafu tu. Leo nimemrudishia inatembea, akaiweka sikioni na kufumba macho. Akasema, “Vyumba ni vyako. Ila kuna mtu mwingine anavitaka. Nakupa mpaka Ijumaa saa kumi.”

Ningeweza kusema ndiyo pale pale, ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini nyumba ni yetu wote, sitaki siku moja uniambie nilikuburuta. Niandikie neno moja tu, “chukua.” Barua hii utaipata kesho Jumatano. Majibu yatanifikia Alhamisi. Tuna siku moja ya akiba.

Mkeo mwenye furaha,
Mama Tiki

*

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mama Tiki,

Barua nimeipata Jumatano kama ulivyosema, ila nilibanwa. Nakabidhi kazi, kila mtu anataka kuelezwa boila ile mbovu inavyowashwa. Ndiyo maana nimechelewa.

Hivyo vyumba vinaonekana vizuri kweli. Lakini nimefikiri. Kwanza ni ghorofani, mtoto mdogo anaweza kuanguka kwenye ngazi. Pili, kutoka hapo hadi kiwandani ni mbali, na msimamizi anaweza kuitwa wakati wowote. Tatu, mwenye nyumba kukaa chini yako si jambo zuri, atasikia kila kitu. Mimi nashauri tusikurupuke. Hebu kaangalie kwanza zile nyumba za kiwandani kwa macho yako, usizihukumu kwa kuzionea dirishani.

Mumeo

*

Jumapili, tarehe 16 Juni

Baba watoto,

Tusikurupuke!

Ijumaa nilikaa kwenye ngazi za mwalimu tangu saa sita mchana. Dereva alikuwa ameniambia asubuhi hana barua yangu. Alhamisi pia hakuwa nayo. Bado nilikaa, labda utaipitisha kwa mtu mwingine. Saa kumi ilipofika mwalimu alikuja akakaa pembeni yangu. Hakuniharakisha. Saa kumi na nusu akasema, “Binti yangu, nimetoa neno kwa mwenzio.” Vyumba akapewa mtengeneza meno ya bandia. Nimewaona watu wakipandisha viti vyake.

Jana ndipo nilipoletewa barua ya ngazi. Ngazi! Watoto wetu wanapanda paa la jirani kufuata mpira na wewe unawatazama huku unakula!

Siku mbili zote hukupata dakika ya kuandika neno lenye herufi sita? Nimeshindwa kukuelewa. Shangazi ananiambia labda unaumwa na unanificha. Kama unaumwa, sema.

Kesho naenda huko kiwandani. Naenda ili nikuandikie kwamba nimeziona kwa macho yangu, tusiongelee tena.

Mama Tiki

*

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Bwana Msimamizi,

Nimeziona.

Getini nilimkuta karani, kijana mwenye adabu zake. Nikamwambia mume wangu anakuja kuanza kazi mwezi wa saba, nimekuja kutazama tu nyumba zilivyo. Akauliza jina lako. Nikamtajia. Akatabasamu mpaka masikio: “Aa! Kumbe wewe ndiye mama wa kumi na saba! Mbona mmechelewa kuchukua ufunguo?”

Nikamwambia amekosea mtu. Akafungua daftari, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole. Nyumba namba kumi na saba. Jina lako. Saini yako, na ule mkia unaouvuta chini kama panya. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne.

Mwezi wa nne! Mimi umenipandisha basi tarehe mbili mwezi wa sita. Siku arobaini umelala pembeni yangu na saini ile ndani yako. Ulinisaidia kufunga begi. Ulinichagulia viatu. “Hivi ndivyo vizuri kwa kutembea,” ukasema.

Yule kijana akanipeleka. Mlangoni jina lako limeshaandikwa kwa rangi. Nilipitisha kidole dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa, kikatoka cheupe hadi kwenye kiungo. Nikaweka glasi sakafuni. Maji yalitetemeka bila kupumzika, tanuri la kiwanda halizimwi, na nilipoinua glasi, juu ya maji palikuwa na utando wa vumbi. Kijana akanisomea masharti, labda alidhani nitafurahi. Sharti la nne: ni marufuku kufanya kazi yoyote ya biashara ndani ya nyumba. Hilo nalo umelitia saini.

Sasa najua kwa nini ngazi zilikuwa hatari. Najua kwa nini siku mbili hukupata kalamu. Nimegombana na wazee wasio na adabu, nimeomba mwanga kwa watu nisiowajua, nimekaa kwenye ngazi za mwalimu yule kama mtu anayesubiri maiti hospitalini, kwa ajili ya jambo ulilokwisha kulimaliza! Yule mzee mchokonoa meno alinidharau mbele ya macho yangu. Wewe je? Afadhali yake, sikumpikia.

Usinijibu haraka. Ukijibu haraka utadanganya.

Mimi

*

Jumanne, tarehe 18 Juni

Wewe mtoto,

Siku hizi siandiki, vidole vinaniuma. Kwa hili vimepona.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Nimewaambia watu habari mbaya za kila aina, na nimewaambia usoni. Wewe umeshindwa kumwambia mkeo habari ya nyumba! Jana alirudi hapa na vumbi kwenye nyusi, akanawa, akakaa, akaniomba karatasi. Hakulia. Angelia ningekuonea huruma, maana wanaolia huwa wanasamehe mapema.

Marehemu mume wangu alikuwa na makosa mengi, mengine mnayajua na mengine hamyajui, lakini hakuwahi kunituma sokoni kununua kitu alichokwisha kukinunua.

Usinitumie salamu. Nakuja huko Jumatatu.

Shangazi yako

*

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Mke wangu,

Nimengoja siku mbili ndipo nikashika kalamu, kama ulivyotaka.

Ni kweli yote. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne niliitwa na mkubwa wa kile kiwanda cha saruji, akanipa karatasi mbili, moja ya kazi, moja ya nyumba. Akasema haziachani: msimamizi wa matanuri hulala karibu na matanuri. Nje ya mlango walikuwa wamekaa watu wawili wanaingoja nafasi ile ile. Mimi miaka kumi na mmoja nimeitwa “wewe” na vijana niliowafundisha kushika spana. Nikatia saini.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na nia ya kukueleza. Nikakuta mmepika, watoto wamevaa nguo za sikukuu, umeshika mikono yangu. Ukaniuliza, “Tutakaa wapi?” Ulimi wangu ukasema, “Chagua wewe.” Watoto wakapiga makofi. Tangu hapo kila siku nilipanga kukwambia kesho yake. Halafu nikadhani utazunguka, utachoka, na mwenyewe utasema basi twende kiwandani, na hakuna atakayeumia. Uliponiandikia umepata vyumba nilishindwa kula.

Nilikosea, sibishi. Lakini fikiria na hili: mshahara wa usimamizi unatutosha wote. Umekodoa macho kwenye lenzi tangu ukiwa msichana. Kwa nini usizipumzishe hizo saa kidogo, ukakaa, ukastarehe?

Mumeo anayejuta

*

Jumapili, tarehe 23 Juni

Baba watoto,

Ukurasa wa kwanza wa barua yako nilikuwa nausoma na moyo unaanza kulegea. Nilikuona umesimama mbele ya mkubwa yule, na wale wawili nje. Kama ungeniambia jioni ile ile, ningekasirika, ningevunja sahani, na kesho yake tungekaa kutafuta njia. Labda ningekubali wewe ulale huko siku za kazi. Labda. Hatutajua kamwe, maana hukuniuliza.

Kisha nikafika kwenye “ukastarehe.”

Nani alikwambia nimechoka? Baba yangu alikuwa na watoto wa kiume wanne na lenzi yake alinipa mimi. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilifungua saa ya mkuu wa stesheni na kuifunga, na treni hazikuchelewa. Kiwanda chenu cha zamani kilipofungwa miezi minane, ukakaa uani unatazama ukuta, nyumba iliendeshwa na nini? Na mkono gani? Siku zile hukuniambia nizipumzishe. Zile saa ndizo mimi. Ukiziondoa, huyo atakayestarehe ndani ya namba kumi na saba simjui, na wewe pia humjui.

Nimepata vyumba. Vimepatikana juzi, mwalimu yule yule ndiye aliyeulizia kwa mdogo wake mshona viatu. Si kama vile vya ghorofani. Dirisha ni dogo na linatazama ukuta, nimehamisha meza ya kuazima mara tatu kutafuta mwanga, na mchana nitawasha taa. Lakini hakuna vumbi, hakuna kinachotetemeka. Mkataba una jina langu peke yake.

Shangazi anakuja kesho kuchukua watoto. Meza yangu ya kazi ifungwe kwa mablanketi, droo zifungwe kwa kamba bila kuinamishwa. Saa ya ukutani itolewe kwanza pendulamu, ule uzito unaoyumba. Binti mkubwa anajua, mwache yeye.

Wewe una nyumba. Kaa nayo.

Fundi Saa

*

Jumatatu, tarehe 8 Julai
Nyumba namba 17

Mke wangu,

Nimehamia juma moja sasa. Tuko mji mmoja na bado nakuandikia, maana Shangazi amenikataza kuja bila ruhusa yako, na mara hii nimeamua kusikia ninachoambiwa.

Siku ya pili kazini nilikwenda kwa yule mkubwa kuomba niirudishe nyumba. Nikamweleza kwamba mke wangu ni fundi saa, kazi yake haiwezi kukaa kwenye vumbi. Akasema, “Fundi saa? Mwanamke?” Akacheka, akawaita wenzake wa ofisi ya pili waje wasikie. Kisha akaniuliza mbele yao, “Kwenu msimamizi ni nani?” Wakacheka wote. Mama Tiki, nilisimama pale masikio yanawaka. Nilitaka kumrushia kiti. Alikuwa hanisikii, mimi naongea, yeye anaongea na wenzake kuhusu mimi. Nikakumbuka ulivyoniandikia habari ya yule mzee. Nilikupa pole ya mstari mmoja, nikaendelea na habari za mabomba.

Sikumrushia kiti. Nilisubiri wamalize kucheka, nikasema, “Msimamizi wa kazi ya mke wangu ni yeye mwenyewe. Mimi naomba jibu.” Jibu ni hapana: nyumba haiachani na kazi. Ila nimewabana mpaka wamenipa ruhusa ya kutoka Jumamosi kuanzia saa saba hadi Jumapili jioni, kwa maandishi. Nakala nakuletea humu ndani ya bahasha. Naomba uisome mwenyewe, usiamini mdomo wangu.

Vumbi ulisema kweli. Asubuhi naamka nalo kwenye meno. Usiku wa kwanza nilimimina maji kwenye glasi, nikaitazama mpaka nikaona aibu.

Naomba nije Jumamosi. Niwaone watoto. Nikuone.

Mumeo

*

Jumatano, tarehe 10 Julai

Baba watoto,

Karatasi nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, na nyuma pia. Hiyo ndiyo hali uliyoniachia: sasa nasoma na nyuma.

Habari ya ofisini imenikasirisha, na nimekasirika kwa ajili yako, ingawa sikupanga. Mtu mzima anaomba jibu anapewa kicheko! Lakini usije na masikio yako yaliyowaka ukadhani tumelingana. Wewe walikucheka dakika kumi. Mimi ulinizungusha mji mzima.

Watoto hawajui yote. Wanajua baba analala kazini. Mdogo anakuulizia kila jioni, mkubwa ameacha kuuliza, na huyo ndiye utakayeanza naye. Muombe radhi kwa maneno, usimletee pipi.

Mimi sijakusamehe. Nakwambia mapema ili usikae mezani unanichungulia uso. Nikisamehe nitasema, sitakuficha.

Njoo Jumamosi. Nyuma ya duka la viatu, mlango wa kijani, kibao cha fundi saa kimeandikwa kwa mkono wangu. Oga kwanza. Ukifika piga hodi, usubiri nje mpaka niseme karibu. Na nikikawia kuitika, usisukume mlango. Nitakuwa nafikiri.

Fundi Saa